Tuujue udongo wa malisho kabla ya kuugawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, katika mjadala mrefu unaoendelea nchini kuhusu wafugaji, wakulima na mipaka ya vijiji, ama halitajwi kabisa ama hutajwa kwa sentensi moja tu, nalo ni udongo ulio chini ya nyasi. Tunahesabu ng'ombe, tunapima hekta, tunasimika mawe ya mipaka na kubishana juu ya idadi ya mifugo inayostahili kila kijiji, lakini ni nadra mno kumwona mtu akichimba shimo ili atazame ardhi yenyewe imeundwaje. Hoja yangu ni kwamba mpango wowote wa malisho katika maeneo yetu yenye mvua haba utabaki kuwa wa kubahatisha mpaka udongo wa eneo husika uwe umeelezwa na kuainishwa, na kwamba kazi hiyo haina haja ya kusubiri wafadhili, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikwisha kufanywa na wazee wetu na sehemu iliyobaki imo ndani ya uwezo wa halmashauri zetu.

Nimesukumwa kuandika na kauli ninayoisikia katika mikutano ya vijiji, kwamba eneo la malisho ni lile linalobaki baada ya mashamba, makazi, shule na zahanati kupata sehemu zao, na kwamba likionekana kuwa na nyasi chache basi sababu ni moja tu, wingi wa mifugo. Sikatai kwamba mifugo mingi mahali padogo huharibu ardhi. Nimeyaona makorongo na sina haja ya kushawishiwa. Ninachokataa ni kuitazama nyanda nzima ya malisho kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani ya kijiji kimoja mna udongo wa aina nne au tano zinazotofautiana katika kupokea mvua, katika kuhifadhi maji, katika nyasi zinazoota na katika namna zinavyovumilia kwato.

Nitautumia mfano wa Usukuma, hasa Shinyanga na Simiyu, kwa sababu ndiko ninakokufahamu kwa kazi na kwa sababu sehemu hiyo ina historia katika sayansi ya udongo ambayo Watanzania wengi hawajawahi kuambiwa. Mvua ya huko ni kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei na mara nyingi hukatika katikati ya msimu, kisha hufuata miezi ya ukame mkali ambayo jua na upepo hufyonza unyevu wowote uliosalia. Ardhi ni ya mawimbi mapana yanayopanda na kushuka polepole, na juu ya vilima yamesimama mawe makubwa ya matale. Mtu akianza kutembea kutoka kwenye mawe hayo kushuka hadi bondeni, mvua inayomnyeshea ni ileile na mwamba mama ni uleule, lakini udongo chini ya miguu yake hubadilika mara kadhaa, na hubadilika kwa mpangilio uleule katika kilima hiki na kile.

Mpangilio huo ndio uliomfanya Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milimani Usambara, kueleza mwaka 1935 dhana ya katena, yaani mnyororo wa aina za udongo zinazofuatana kwenye mteremko na kurudiarudia kila mteremko wa namna hiyo unapojirudia. Mwaka uliofuata ilitolewa ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki iliyotumia dhana hiyo. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 Milne alisafiri sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo, na taarifa ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo chake. Leo katena hufundishwa katika vyuo vya sayansi ya udongo duniani kote. Ilitoka hapa kwetu, na naona uchungu kwamba sisi wenyewe tunagawa miteremko yetu vipande vipande bila kuikumbuka.

Milne aliyakuta majina yakiwa tayari kwa wenyeji. Wasukuma walikuwa wamekwisha kuupanga udongo wao kwa rangi, kwa uzito, kwa namna unavyolimika na kwa mimea inayoota juu yake, na mpango wao haukuwa wa kubuni tu, kwani kila jina lilibeba shauri la matumizi. Chini kidogo ya mawe, penye udongo mfupi wa changarawe, hufuata mara nyingi kikungu, udongo mwekundu ambao chuma chake kimeingiliana na hewa kwa sababu maji hayatuami pale. Kisha huja luseni, udongo wa kichanga wenye rangi iliyopauka, mwepesi kwa jembe na mwepesi pia kuchoka. Mteremko unapoanza kulala, tunakutana na ibambasi, ambao nitaurudia kwa kirefu. Bondeni ndiko iliko mbuga, udongo mweusi mzito unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Palipo na chokaa nyingi ndani ya udongo wa kijivu au mweusi, wenyewe husema ibushi.

Sababu ya mpangilio huo ni maji. Mvua inaponyesha juu ya kilima haishuki wima yote, bali sehemu yake husafiri ndani ya udongo ikifuata mteremko, na safarini hubeba vitu vilivyoyeyuka: silika, kalsiamu, magnesiamu na sodiamu, pamoja na chembe ndogo kabisa za mfinyanzi. Sehemu za juu hubaki na mchanga na mfinyanzi wa aina isiyovimba. Sehemu za chini, zinazopokea kila kilichoteremshwa, hujenga mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Katika nchi yenye mvua nyingi vitu hivyo vingeoshwa hadi mitoni na kupotea. Katika nchi yenye mvua haba mvukizo huwahi kuyachukua maji kabla hayajafika mbali, na chumvi na chokaa huachwa njiani, kila moja mahali pake. Ndiyo maana udongo wa nyanda kame huwa na utajiri wa madini na bado ukawa mgumu kwa mmea: madini yamo, lakini maji ya kuyafikisha mizizini ni machache, na mboji ni kidogo, mara nyingi kaboni yake haifiki hata asilimia moja ya uzito wa udongo.

Sasa nirudi kwenye ibambasi, kwa maana naamini ndiyo aina inayofanya mipango mingi ya malisho ishindwe. Ukiutazama kwa juu utauona ni udongo wa kawaida wa kichanga, wa kijivu au kahawia iliyofifia, wenye vipara visivyo na nyasi kati ya vichaka vifupi. Ukichimba, sentimita 15 hadi 30 za mwanzo hutoka kwa urahisi, halafu ghafla jembe hugonga kitu kama sakafu. Mpaka kati ya tabaka la juu na la chini ni mkali kiasi kwamba unaweza kuuwekea kidole. Tabaka la chini ni mfinyanzi ulioshikamana, na ukiusafisha ukuta wa shimo kwa kisu utaona umegawanyika katika nguzo zilizosimama wima, vichwa vyake vikiwa vya mviringo na mara nyingi vimepauka kwa unga mweupe. Mizizi ya nyasi hufika pale, hupinda na kusambaa kwa ubavu, au huteremka kupitia nafasi finyu zilizo kati ya nguzo. Mvua ya kwanza hulowesha tabaka jembamba la juu, hukwama kwenye sakafu hiyo, kisha hutiririka juu ya ardhi ikibeba mchanga. Siku tatu za jua baadaye pale pale pamekauka, na mtu asiyejua husema mvua haikunyesha ya kutosha.

Kinachofanya tabaka hilo liwe hivyo ni sodiamu. Chembe za mfinyanzi hushikilia besi mbalimbali, yaani madini kama kalsiamu, magnesiamu na sodiamu, juu ya nyuso zake. Zinaposhikilia zaidi kalsiamu hukusanyika katika mabonge yenye nafasi za kupitisha maji na hewa, lakini sodiamu inapofikia kama asilimia 15 ya besi ambazo chembe hizo zinaweza kuzishikilia, chembe hujitenga zinapolowa, huelea, huziba kila tundu, na zinapokauka hushikamana upya kama saruji. Mwanasayansi wa Australia, W. W. Emerson, alichapisha mwaka 1967 njia rahisi ya kulitambua jambo hili ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Chukua bonge kavu la udongo wa tabaka la chini, ukubwa wa punje ya kunde, liweke taratibu ndani ya glasi yenye maji ya mvua, na usiyatikise. Bonge likibomoka na maji yakabaki maangavu, udongo wako ni dhaifu lakini hauna tatizo la sodiamu. Bonge likizungukwa na wingu kama maziwa linaloenea polepole mpaka glasi nzima ikafifia, hapo una udongo wa magadi. Nasisitiza maji ya mvua kwa sababu maji ya kisima chenye chumvi huficha tabia hiyo na kumdanganya mpimaji.

Wataalamu wa kimataifa nao wana majina yao kwa udongo wa Usukuma. Mfumo unaotumika zaidi siku hizi, unaosimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Udongo, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na toleo lake la karibuni ni la mwaka 2022. Unaugawa udongo wa dunia katika makundi makuu 32. Ibambasi wenye tabaka la sodiamu nililolieleza huitwa Solonetsi. Ukiwa na mpaka uleule mkali na maji yanayotuama juu yake, lakini bila sodiamu ya kiasi hicho, huitwa Planosoli. Mbuga huingia katika Vetisoli ikiwa ina mfinyanzi wa angalau asilimia 30, nyufa zinazofunguka na kufunga kwa majira, na ndani yake nyuso laini zinazong'aa zilizosuguana wakati udongo ulipovimba. Luseni ulio mchanga mtupu hadi kina cha mita moja ni Arenosoli, na kikungu wenye mfinyanzi unaoongezeka kwenda chini, wenye uwezo mdogo wa kushikilia virutubisho lakini usio na uchachu mkali, ni Liksisoli. Udongo mfupi wa kwenye mawe ni Leptosoli, na ule ambao chokaa imejikusanya kuwa tabaka ndani ya mita moja ya juu unaweza kuwa Kalsisoli. Wamarekani wana mfumo wao wenye oda 12, ambao tofauti na huo wa kwanza huiingiza hali ya unyevu na joto la udongo katika jina lenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa nchi kame lina manufaa yake.

Msomaji anaweza kuuliza mfugaji wa Meatu au Kishapu atafaidika nini na neno Solonetsi. Kwa neno lenyewe hafaidiki na lolote. Anafaidika na kwamba jina hilo linamfungulia afisa mifugo wake maarifa yaliyokusanywa kwenye udongo wa namna hiyo kote duniani, kuanzia Hungaria hadi Australia, kuhusu nyasi zinazouvumilia, kina cha kuchimba mitaro ya kukinga maji, na makosa ya kuepuka. Jina la Kisukuma linabeba ujuzi wa mahali, la kimataifa linabeba ujuzi wa kulinganisha, na ramani ya kijiji inapaswa kuwa na yote mawili kwenye mstari mmoja. Ni lazima pia niseme kwamba majina haya hayalingani moja kwa moja; ibambasi mbili zinaweza kuangukia makundi mawili tofauti, na ndiyo sababu hatuwezi kukaa ofisini tukatafsiri orodha moja kuwa nyingine bila kuchimba.

Tofauti hizi si za kitabuni tu. Mwanzo wa msimu, mvua ya milimita kumi ikinyesha juu ya luseni huzama haraka, hufika chini ya tabaka linalokaushwa na jua, na nyasi huchipua ndani ya siku chache. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya udongo mzito uliofunga nyufa zake hushikwa na sentimita chache za juu na kuvukizwa, na hata unyevu unaobaki hushikiliwa na mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba mkono wako unauhisi lakini mzizi hauwezi kuunyonya. Baadaye, mvua zikishakolea, hali hugeuka: mbuga hujaa maji na kulisha nyasi zake muda mrefu baada ya luseni kukauka. Wachungaji wazoefu wanalijua hilo na huihamisha mifugo kutoka juu kwenda bondeni kwa kufuata msimu, na huitoa mbugani wakati udongo umelowa kwa sababu kwato hulikanyaga tope na kulifunga. Mpango wa ardhi unaokipa kitongoji kimoja luseni yote na kingine mbuga yote, kisha ukaweka uzio wa sheria kati yao, umewanyima wote wawili nusu ya mwaka.

Ukitaka kuona jinsi udongo unavyoweza kuishinda mvua katika kuamua sura ya nchi, tazama tambarare za kusini mashariki mwa Serengeti. Pale majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro yamejenga udongo wenye tabaka gumu la chokaa karibu na uso wa ardhi, miti haipati pa kushushia mizizi, na nyasi fupi zenye madini mengi ndizo nyumbu huzifuata wakati wa kuzaa. Hakuna aliyepunguza mifugo wala kukata miti ili tambarare zile ziwe wazi.

Kuhusu gharama ya kupuuza udongo, historia yetu ina mfano ambao haupaswi kusahaulika. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza uwezekano wa kulima karanga Tanganyika. Ulifanya kazi yake kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama nchi kutoka angani, kisha ukapendekeza mradi wa zaidi ya hekta milioni moja. Kongwa ilikuwa moja ya vituo vikuu. Matrekta yalipoingia ilionekana kwamba udongo wake mwekundu, ulio laini ukilowa, hukauka ukawa mgumu mno kuchimbua karanga, na kwamba chembe kali za mchanga wake zinakula vyuma vya majembe. Hadi serikali hiyo inauacha mradi mwaka 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Ardhi ya Kongwa baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe na mahali pa utafiti wa malisho, matumizi ambayo mashimo machache yaliyochimbwa na kusomwa kwa uangalifu yangeweza kuyaonyesha tangu mwanzo.

Nasi tunarudia kosa hilo kwa kiwango kidogo katika malambo ya mifugo. Nimeona lambo lililochimbwa na mkandarasi mahali ambapo kila mtu alifurahia kuona mfinyanzi, kwa imani kwamba mfinyanzi hushika maji. Mfinyanzi ule ulikuwa wa magadi. Mvua ya kwanza ilipojaza lambo, maji yalipenya kwenye ufa mdogo wa tuta, chembe zikaelea na kuondoka nayo, tundu likapanuka kuwa mfereji, na tuta likabomoka kutoka ndani bila maji kufika juu yake. Glasi ya maji ya mvua na punje ya udongo vingetosha kulizuia. Jasi, inayochimbwa hapa nchini Makanya na Itigi, inaweza kuchanganywa katika udongo wa tuta la namna hiyo ili kalsiamu yake iing'oe sodiamu. Lakini kuinyunyiza juu ya nyanda nzima ya malisho sidhani kama kutalipa, na ningependelea fedha hizo ziende kwenye vizuizi vya maji vya umbo la nusu mwezi, matawi ya miiba juu ya vipara na kuyapumzisha maeneo hayo katika wiki za mwanzo wa mvua.

Kuna jambo jingine jipya linalotaka umakini. Miradi ya biashara ya kaboni imeanza kuzifikia nyanda za malisho za Afrika Mashariki, na vijiji vinaombwa kutia saini mikataba ya miaka mingi kwa ahadi kwamba kaboni itaongezeka ndani ya udongo. Mbuga na luseni haziwezi kuhifadhi kaboni sawa hata zikitunzwa sawa, kwa sababu mfinyanzi huikinga mboji isioze haraka na mchanga haufanyi hivyo; kwa hiyo sampuli zisizotenganishwa kwa aina ya udongo hutoa wastani usiomaanisha kitu. Zaidi ya hapo, udongo wa ibushi una kaboni nyingi iliyomo ndani ya chokaa, ambayo haikutokana na nyasi za jana wala leo, na kipimo kisichoiondoa hesabuni kitakipa kijiji sifa au deni kisilostahili. Kijiji kisichojua udongo wake hakiwezi kuhoji namba kinazoletewa.

Ni haki pia niseme mahali ambapo uainishaji unafika kikomo. Mifumo yote niliyoitaja hutazama zaidi sifa za kudumu, zile za tabaka za chini ambazo haziharibiki kwa kulimwa au kukanyagwa, na hilo ni sahihi kwa sababu jina halipaswi kubadilika kila msimu. Lakini hali ya malisho huamuliwa kwa kiasi kikubwa na sentimita chache za juu: kama kuna ukoko uliozibwa na matone ya mvua, kama mchwa na mizizi bado wanafungua matundu, kama kuna majani makavu yanayofunika ardhi. Vetisoli iliyotunzwa na Vetisoli iliyochakazwa zina jina moja. Jina linatuambia ardhi inaweza kuwa nini, halituambii leo ikoje. Kwa hiyo ramani ya udongo lazima iambatane na uchunguzi wa uso wa ardhi unaorudiwa kila baada ya miaka michache, mahali palepale, na ikiwezekana na watu walewale.

Ngitili ni ushahidi kwamba hili linawezekana bila makuu. Desturi hii ya Wasukuma ya kufunga eneo la nyasi mvua zinapoanza na kulifungua katikati ya kiangazi ilivurugika baada ya ufyekaji wa vichaka kwa ajili ya mbung'o enzi za ukoloni, upanuzi wa mashamba ya pamba, na kuhamishwa kwa watu wakati wa operesheni vijiji katikati ya miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliirejesha kwa kuwaachia wenyeji wachague wenyewe pa kufunga. Wengi walijua ni udongo upi utakaojirudisha wenyewe ukipumzishwa na upi utakaohitaji kusaidiwa. Nalinganisha na Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi, hilo halipingiki, lakini kwa njia iliyowagharimu wafugaji sana na ambayo haikuwa na sababu ya kulitendea kila eneo sawa, kwa kuwa miteremko ile nayo haina udongo wa namna moja.

Ombi langu kwa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi na kwa halmashauri za wilaya ni hili. Kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujapitisha eneo la malisho, kamati ya matumizi ya ardhi ifuatane na wazee wafugaji pamoja na afisa ugani, watembee mteremko mmoja au miwili kutoka kileleni hadi bondeni, na kila mahali wenyeji wanaposema jina la udongo limebadilika wachimbe shimo la kina cha mita moja na nusu, au watumie keekee, chombo cha kutobolea udongo, pale mikono inapokuwa haitoshi. Waandike rangi ya kila tabaka, kina chake, uzito wake ukikandwa mkononi, mizizi inaishia wapi, kama matone ya asidi yanachemka kuonyesha chokaa, na bonge linafanya nini ndani ya glasi. Sampuli chache za kila aina zipelekwe maabara ili kupimwa uchachu, chumvi, sodiamu na kaboni. Kazi hii yote ni ya siku chache kwa kijiji, na gharama yake ni ndogo kuliko posho za vikao vya kusuluhisha ugomvi unaozuka baadaye.

Kwa taasisi ya utafiti ya Mlingano, Tanga, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ghala la taarifa za udongo za nchi hii, naomba ripoti za zamani za upimaji wa wilaya zenye mifugo zifunguliwe zote kwa maafisa ugani, kwa lugha wanayoitumia kazini na zikiwa na majina ya wenyeji kando ya yale ya kimataifa. Na kwa wakurugenzi wa wilaya za kanda yetu, naomba mashimo ya kwanza yachimbwe kati ya Septemba na Oktoba, wakati nyufa za mbuga zimefunguka na nguzo za ibambasi zinaonekana wazi ukutani, kwa sababu mvua zikishaanza mwezi Novemba itakuwa lazima kusubiri mwaka mzima.

Wako,
Mpimaji mstaafu wa udongo,
Shinyanga